Barua ya Wazi kwa Mtunzi wa Fomu za Ridhaa

Kwa Mheshimiwa Mtunzi wa Fomu za Ridhaa ya Mzazi,
Popote kilipo kiti chako kinachozunguka.

Salamu kutoka Makongeni, Thika. Nimetoka shifti ya usiku sasa hivi, kwa hiyo mwandiko ukiyumba usidhani ni hasira.

Binti yangu ana miaka 10. Jumanne jioni alileta fomu yako ya chanjo ya HPV, irudishwe Jumatano asubuhi. Mimi nilikuwa getini Eneo la Viwanda, kwenye foleni ya vibarua. Shosho yake hajui Kiingereza, na fomu yako haijui lugha nyingine. Ikatiwa sahihi na mtu pekee katika ploti mwenye kalamu inayoandika: keateka. Hana mtoto, lakini sahihi yake inapendeza. Amezoea risiti za kodi. Hongera, faili lako limejaa.

Kuna hii Sheria ya Afya ya 2017, inayotaka mtu aelezwe kwa lugha anayoielewa, tena kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Huenda nakala yako ilikosa ukurasa huo.

Usidhani naikataa chanjo. Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo chanjo hii inaikinga, naijua; daftari la mchango wa hospitali limenipitia kazini zaidi ya mara moja. Binti huyu huyu nilimbeba mwenyewe kliniki: wiki 6, 10, 14, kisha surua miezi 9. Hakuna aliyeniomba sahihi. Nesi alinieleza, nikauliza, akanijibu, akajaza kijitabu. Miguu yangu ndiyo iliyokuwa ridhaa, na keateka hangeweza kuniazima yake.

Mwaka 2014 tuliwasikia maaskofu Wakatoliki wakiitilia shaka chanjo ya pepopunda. Chanjo ya HPV ilipoanza kutolewa nchini 2019, uvumi ukawa kwamba mabinti watakuwa tasa. Nilikuwa na maswali, lakini fomu ina visanduku viwili tu, nakubali na sikubali. Cha "nieleze kwanza" hakimo. Jirani yangu alitia alama kwenye sikubali, na wala si kwa ajili ya dini. Huku kwetu karatasi ya Kiingereza inayodai sahihi haraka huwa ni mkopo.

Sasa naambiwa dozi ni moja badala ya mbili. Asante, keateka amepunguziwa kazi.

Nina ombi. Njoo getini saa kumi jioni, kabla hatujaingia. Utatukuta wazazi tele, wengine wametoka hadi Ruiru, tumesimama hatuna la kufanya ila kungoja kuchaguliwa. Fomu ziache ofisini. Mlete nesi, na kipaza sauti ukikipata, maana mashine hazinyamazi.

Wako mtiifu,
Mama wa Gredi ya 5

(Sahihi imewekwa na keateka, kwa niaba.)