Mshale Unaochagua Mkanda

Wanafunzi wangu wakishamaliza kunipa shikamoo huanza kuvua. Saa, funguo, mkanda wenye kichwa cha chuma, na simu, ambayo huitoa kwa majonzi ya msibani. Getini Bungeni mtu anakaguliwa kwa nafuu kuliko kwenye maabara yetu.

Anayewavua watu hivyo ni tanjenti galvanometa. Jina refu, mwili hauna kitu: duara la mbao lililozungushiwa waya wa shaba, katikati dira, basi. Mfaransa Claude Pouillet aliibuni mwaka 1837, na hii ya kwetu kwa kuitazama unaweza kuapa aliitumia mwenyewe. Kazi yake ni kupima mkondo wa umeme, jambo ambalo multimita ya mitaa ya Majengo hulifanya ikiwa imejaa vumbi, bila kumuuliza mtu kavaa mkanda gani.

Bibi huyu ana masharti kuliko mganga. Meza ilale sawa. Duara lielekee kaskazini na kusini, tena si kaskazini ya ramani, ile ya sumaku. Ndipo upitishe umeme, na mshale uanze kugombaniwa: koili inauvuta pembeni, dunia inaung'ang'ania ubaki kaskazini. Ukitulia unasoma pembe, unatafuta tanjenti yake, unapata ampea. Umemaliza? Thubutu. Unasoma ncha ya pili ya mshale, unageuza nyaya umeme upite kinyume, unasoma ncha zote mbili upya, halafu unatafuta wastani. Yote hayo kwa umeme mdogo ambao hata kuchaji simu ungeshindwa. Na kipupwe kikivuma, ule mhimili wa mshale unakula vumbi la Dodoma na kugoma kabisa.

Mimi hayo nimeyazoea. Kinachonikera ni upendeleo. Huku kwetu karibu na ikweta, nguvu ya sumaku ya dunia inayolala sambamba na ardhi ni kubwa kuliko ya Uingereza, kwa hiyo umeme uleule unaopindisha mshale nyuzi 45 kule London, hapa haufikishi hata 40. Mwanafunzi akinakili thamani ya sumaku kutoka kitabu cha Waingereza, umeme wake unatoka pungufu. Basi ananitazama mimi, fundi wa maabara, kana kwamba uliopungua nimeunywa.

Bora hata kingekuwa chombo cha kutupwa. Lakini multimita inakutajia namba, unaipokea kama tangazo la kituo cha mabasi. Huyu bibi humwonyesha mtoto kwa macho yake umeme ukishindana na sayari nzima, na waya mizunguko 50 tu. Ndiyo maana kila mwaka ninamfuta vumbi huku ninanung'unika.

Juzi kijana mmoja kaja na ujanja. "Mzee wangu, simu yangu ina kipima sumaku ndani. Nisipime ya hapahapa Dodoma, niachane na kitabu?" Nikamruhusu. Akapima, akakokotoa, jibu likakaa pale linapotakiwa, wenzake wakampigia makofi. Akatoka kifua mbele, simu kaiacha kando ya dira, na kundi lililofuata likasoma nyuzi 30 kabla hata halijaunganisha betri.