YAH: Maombi ya Kumpandisha Cheo Tegu wa Nguruwe

Kwa Waheshimiwa Mawaziri,
Wizara ya Afya; Wizara ya Mifugo na Uvuvi,
Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma.

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari tajwa hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Area D na mlaji mwaminifu wa kitimoto. Namwombea cheo mtumishi anayerukwa kila Mei Mosi zawadi za mfanyakazi bora zinapotolewa. Anatumikia wizara zenu zote mbili kwa mpigo na hajawahi kudai posho ya safari.

Kazi anaanzia Afya. Tegu mkubwa, mita kadhaa, anakaa kwenye utumbo wa mtu, na mayai yake yanatoka na haja kubwa. Pale ambapo choo ni kichaka, anahamia Mifugo: nguruwe anayezurura anakula kinyesi, na baada ya miezi michache nyama yake ina vijifuko vyeupe. Mnunuzi mzoefu hasubiri maabara. Nguruwe anabanwa chini, mdomo unapanuliwa kwa kijiti, ulimi unavutwa kwa kitambaa, vidole vinapapasa upande wa chini. Vikikuta vinundu, bei inashuka. Sikusema nguruwe anazikwa. Nimesema bei inashuka. Na ulimi msafi nao si cheti, maana vijifuko vichache vinaweza kujikalia pajani kimya. Nyama isipoiva vizuri, mtumishi wetu amerudi Afya.

Msiseme jambo hili linasubiri upembuzi yakinifu. Mwaka 1855 daktari Mjerumani, Friedrich Küchenmeister, alimlisha mfungwa aliyehukumiwa kifo vijifuko vya nguruwe kwa siri. Maiti ilipopasuliwa, tegu wachanga walikutwa utumboni. Unyama mtupu, ila swali lilijibiwa. Kituo cha mifugo cha Mpwapwa kipo tangu 1905. Kongwa, ambako kutoka hapo Mtumba hata kilomita 100 hazifiki, nguruwe wameshatolewa damu na majibu yakachapishwa. Tegu yupo. Sijui tunamtafuta nani tena.

Hapa utani unaniishia kidogo. Mtu akiyameza mayai yenyewe, kwenye maji, mboga mbichi au mkono wa mpishi mwenye tegu, mabuu husafiri kwa damu hadi ubongoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mahali ugonjwa huu ulipoota mizizi, karibu asilimia 30 ya wenye kifafa wamekipata kutokana nao. Kwa hiyo Mwislamu safi, ambaye hajawahi kukaa hata meza jirani na kitimoto, anaweza kuanguka kifafa cha nguruwe. Mtoto anaangukia moto wa jikoni, majirani wanaogopa povu lake, ndugu wanatafuta mganga. Picha ya ubongo haipigwi zahanati.

Dawa zipo. Prazikwanteli, ile ile ya kichocho wanayomeza wanafunzi, inamtoa tegu tumboni. Oksifendazoli, dozi moja, inaua vijifuko kwenye nyama ya nguruwe. Chanjo ya nguruwe nayo imeshatengenezwa. Kinachobaki ni kujua nani alipe, na hapo ndipo mtumishi wetu alipo hodari. Nguruwe mwenye vijifuko hakondi, hakohoi, anauzika. Mifugo wamwandikie ugonjwa gani? Afya nao wana kila haki ya kuuliza: mgonjwa wetu anafanya nini bandani?

Dawati la Afya Moja lilizinduliwa 2018 chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu ili kuwakutanisha. Naomba tegu ateuliwe mratibu wake. Uzoefu wa kuvuka mipaka ya wizara anao, na barua ya ruhusa hajawahi kuihitaji.

Ikishindikana, basi kikao kijacho cha wadau kifanyike kijijini, Kongwa, katikati ya kiangazi, mazao yameshavunwa na nguruwe wamefunguliwa. Wajumbe wakatiwe kachumbari papo hapo. Wasiokula nguruwe wasisite kuongeza sahani. Hiyo ni ya wote.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mlaji wa Kitimoto, Area D.

Nakala: Nguruwe wote wazururao, Kongwa.