Heko kwa Kamasi

Wasafiri huyasifu makanisa, majumba ya makumbusho na kahawa ya ugenini. Kamasi halina msifu, ilhali ndilo humlaki mgeni kabla ya mwenyeji yeyote. Mchukue mtoto wa miaka mitatu aliyepandishwa ndege Dar es Salaam mwezi Januari, jasho likimchuruzika mgongoni. Akitolewa nje ya uwanja wa ndege wa Helsinki kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri, hajaitazama theluji sawasawa, kamasi limeshawasili kwenye mdomo wa juu. Limeingia Ufini bila viza, wala ile bima ya euro 30,000 ambayo wazazi wake walitakiwa kuionyesha ili wapewe viza ya Schengen.

Tena halikuja kuzurura. Mapafu hayataki hewa ya barafu, kwa hiyo pua hupewa kazi ya kuipasha moto na kuitia unyevu hadi ikaribie joto la mwili. Kadiri hewa inavyokuwa baridi na kavu, ndivyo pua inavyozidi kutoa majimaji. Na pumzi ya moto inaporudi nje, mvuke wake hugeuka matone kwenye ncha ya pua iliyopoa. Mtoto mwenye afya tele, asiye na mafua hata kidogo, atachuruzika vilevile. Bibi yake akiona picha kwenye WhatsApp hataki kusikia habari hizo. Anaagiza mtoto avalishwe soksi mbili na asitolewe nje.

Bibi si wa kwanza kulishughulikia suala hili la baridi na mafua. Karibu na mji wa Salisbury, Uingereza, palikuwa na kituo cha kutafiti mafua kilichoanza mwaka 1946 na kufungwa 1990. Watu wa kujitolea walikaa hapo siku 10 hivi, wakila bure na kupewa posho kidogo, nao wakakubali kutiwa virusi puani. Kuna waliooga maji moto kisha wakasimamishwa kwenye ujia wenye upepo, wamelowa, meno yakigongana, ili ijulikane kama baridi yenyewe huleta mafua. Baridi peke yake haikuwaletea. Na ukali wa mafua ulipimwaje? Njia mojawapo ilikuwa kuhesabu tishu zilizotumika. Nchi iliyokuwa imetoka vitani, yenye madeni hadi shingoni, ilipata nafasi ya kuwaweka wasomi wakihesabu tishu zenye makamasi.

Hata hivyo, cheo chake cha juu kabisa kamasi lilikipata London mwaka 1921. Alexander Fleming, akiwa na mafua, alichukua ute wa pua yake mwenyewe na kuutia kwenye kisahani cha bakteria. Bakteria waliokuwa jirani na ute huo wakayeyuka. Ndivyo ilivyogunduliwa laisozaimu, kimeng'enya kinachopasua kuta za bakteria, miaka saba kabla ya penisilini iliyompa mtu huyo Tuzo ya Nobel. Penisilini inajulikana kila duka la dawa. Kamasi lililoitangulia hufutwa kwa mkono wa koti.

Na mkono huo wa koti ndio unaobeba historia yote ya safari. Asubuhi mtoto huvalishwa suruali ya ndani ya sufu, sweta, ovaroli nzito, skafu, kofia na glovu zisizotenganisha vidole, na zipu ikishafika kidevuni kamasi hujitokeza kukagua gwaride. Tishu iko mfuko wa ndani kabisa, chini ya tabaka tatu za nguo za mama. Kwenye tramu mama anayesukuma kigari halipi nauli, kwa kuwa Helsinki humsafirisha bure mtu mzima mwenye kigari cha mtoto wa chini ya miaka saba. Kamasi nalo husafiri bure. Wafini, wanaosifika kwa kukaa kimya kama hawakuoni, humvumilia mtoto anayelia, lakini pua inayodondosha hawaiwezi: ajuza wa kiti cha mbele anageuka, anafungua mkoba, anatoa pakiti nzima ya tishu bila neno. Hakuna kitabu cha maongezi ya watalii kilichowahi kufanikisha hayo.

Kamasi ndilo hupanga ratiba pia. Likianza kuganda, familia yote inaingia Oodi, maktaba kuu iliyofunguliwa Desemba 2018, ambako ghorofa ya juu ina sehemu ya watoto na joto la kuvulia ovaroli. Huko baba humfundisha mwanawe kupenga. "Penga!" Mtoto anavuta ndani. "Toa nje, mwanangu." Anavuta kwa nguvu zaidi, kisha anatabasamu.

Ukarimu wake je? Likiwa na virusi, kamasi halimbagui mtu. Siku ya tatu baba analala hotelini, macho mekundu, tishu zimemzunguka kitandani, huku mama akimtafutia limau na asali. Mtoto amepona. Amesimama mlangoni, kofia kichwani, kiatu kimoja mguuni, anadai kupelekwa kwenye theluji.