Jinsi ya Kupaka Rangi Jeshi Zima Ukiwa Pap Onditi

Kwanza hakikisha huna kazi. Mwenye ng'ombe wa kukamua, duka la kufungua au baraza la chifu la kuhudhuria asijaribu, kwa sababu askari mmoja wa mchezo wa vita vya mezani, mwenye kimo cha milimita 28, anaweza kukumalizia jioni nzima, na jeshi linataka askari mia. Ukiulizwa nyumbani unafanya nini, sema ni utafiti.

Pili, chagua vita. Wanagenzi hukimbilia Waterloo kwa ajili ya yale makoti mekundu na manyoya ya kofia. Achana nayo, Wazungu wameshaimaliza. Wewe una vita vyako, tena vya karibu: Vita vya Kwanza vya Dunia. Tarehe 12 Septemba 1914 askari wa King's African Rifles (KAR) waliotumwa kutoka Kisumu walipambana na Wajerumani pale Kisii, na wenyeji walipoona mji umeachwa wazi, wakaingia na kujichukulia walichoona kinafaa. Kanuni za mchezo hazina zamu ya wenyeji. Wape. Au chukua Bukoba: Juni 1915 meli ziliondoka Kisumu zimejaa wanajeshi, zikavuka ziwa, mji ukatekwa, mnara wa simu ya upepo ukaangushwa, nyumba zikaporwa, kisha wote wakarudi. Ni vita vilivyoisha kwa siku mbili tu, sifa adimu katika mchezo huu.

Sasa askari wenyewe. Ukiwa na fedha, agiza kutoka Uingereza, kisha ujiandae kumweleza ofisa wa forodha kwa nini kifurushi chako kimeandikwa "askari 40 wa Kijerumani na mzinga mmoja". Usiseme ni vya watoto, ataona bei.

Ukiwa huna, kumbuka Pap Onditi iko Nyakach, na akina mama wa Nyakach wamefinyanga vyungu tangu zamani. Nenda kwa mmojawao kwa adabu: "Shikamoo mama, naomba udongo kidogo." Atauliza chungu cha nini. Ukimweleza, atanyamaza kidogo kisha akupe ule wenye changarawe. Askari wa udongo hufinyangika vizuri, ila bunduki yake huvunjika kabla hata ya kufika motoni. Dawa ni njiti ya fagio la chelewa: ikate urefu wa ukucha, ichomeke mkononi udongo ungali mbichi, na uchome moto mdogo. Njiti nyingi zitaungua, na askari wake watabaki bila bunduki. Hao wawe majeruhi.

Rangi ndiyo ibada yenyewe. Anza na nyeusi mwili mzima, ikauke. Juu yake weka kaki, nayo usiinunue: vumbi la barabara ya murram, lililochekechwa kwa kitambaa na kuchanganywa na gundi nyeupe ya seremala, ni kaki halisi kuliko ya kopo. Askari wa KAR mvalishe kaptura, mzungushie vitambaa vya buluu kutoka kifundo cha mguu hadi chini ya goti (rangi ya kucha ya dada yako inatosha, mradi asijue), na nyayo ziwe tupu, kwani wengi wao waliingia vitani bila viatu. Wa Mjerumani mpe tarbushi ya kaki yenye tai wa fedha mbele. Tai huyo ni mdogo kuliko punje ya wimbi. Mguse kwa ncha ya pini, huku umezuia pumzi. Pamba kidogo mbele ya mtutu wake ni lazima, maana mwanzoni mwa vita askari wengi wa Mjerumani walibeba bunduki za mtindo wa 1871, ambazo kila zikilia zilitoa moshi wa kumwonyesha adui walipojificha. Macho usiyapake. Kila anayejaribu huishia na kikosi kilichoshtuka.

Usimsahau Frederick Selous, mwindaji maarufu, aliyekwenda Bukoba akiwa na umri wa miaka 63. Ndevu nyeupe, kofia pana. Wachezaji wote wanampenda. Utaona mezani Selous watatu katika vita vimoja.

Hatimaye utafika kwa wapagazi, wale walioitwa Kariakor, na hapa desturi ni kuwaruka. H. G. Wells alipoandika kitabu chake cha michezo hii mwaka 1913, alishughulikia mizinga midogo ya kurusha vijiti na kuangusha askari wa bati. Na mpaka leo, kwenye meza nyingi, unga na risasi hufika mbele vyenyewe, kwa neema. Mpagazi hapendezi rafuni. Hana tai wala kofia. Ana blanketi, mzigo wa kilo kama 25 kichwani, na kisahani cha bati shingoni chenye namba yake.

Tatizo ni kwamba upo Nyanza. Mzee wa jirani atapita, ataegemea mlango na kukagua meza yako polepole.

"Kijana wangu, na Kariakor wako wapi?"

"Mzee, kanuni haziwahitaji."

"Nani aliwapikia?"

Hutakuwa na jibu. Mwaka 1917 John Ainsworth, aliyekuwa mkuu wa Mkoa wa Nyanza, alikabidhiwa kazi ya kukusanya wabebaji, na machifu wa huku wakatakiwa kutoa vijana kwa maelfu. Waingereza wenyewe waliandika vifo vya wabebaji zaidi ya 40,000, na wengi hawakuuawa na risasi: ni kuhara damu, nimonia, malaria, na unga wa mahindi ulioliwa haujaiva kwa sababu hapakuwa na muda wala kuni.

Basi chukua udongo uliobaki. Kwa kila askari finyanga wapagazi watatu, na kila zamu, kabla ya risasi ya kwanza, rusha dadu kwa ajili ya tumbo lao. Mchezo utakuwa mrefu, na Selous atasubiri chakula. Kule Nairobi, kwenye Kenyatta Avenue, zimesimama sanamu tatu za shaba za vita vile, na mmoja wa watatu hao ni mpagazi. Uwiano huo bado ni mdogo. Wewe usiupunguze zaidi.