Kioo Kilichopigwa Mswaki

Anayesugua mikwaruzo ya kioo cha mbele cha gari kwa dawa ya meno anastahili heshima. Wabishi watadai kwamba chokaa iliyomo ndani yake ni laini kuliko kioo, na kwamba mafundi hutumia unga wa oksidi ya seriamu, maji na pedi ya sufu. Sawa, lakini unga huo una harufu ya mnanaa? Wengine wataulizia waipa zilizoisha mpira, zinazokichora kioo kwa chuma chake. Ziachwe; zikibadilishwa, kesho tutasugua nini? Na mikwaruzo ikimtawanyia dereva mwanga wa jua la jioni hadi asiione pikipiki, asinung'unike: kioo chake kinanukia kama kinywa cha bwana harusi.