Heko, Subira Iliyonakiliwa

Ndani ya draiva ya kadi ya grafiki hakuna aliyeonewa kama kile kipande cha mistari sita chenye kazi ya kusubiri tu. Draiva inaiamuru kadi ijiwashe upya, kisha inachungulia rejista: tayari? Bado. Tayari? Bado. Muda ukiisha, inatangaza kosa. Wa kwanza aliandika hivyo kwenye faili moja. Wa pili akanakili, wa tatu akanakili kwa wa pili, na leo ukoo umejaa draiva nzima. Nani aliwahi kulaumu uzazi?

Tena kila mtoto ana tabia yake. Huyu anavumilia mikrosekunde 500, yule milisekunde 500. Tofauti ni mara elfu moja, lakini ndugu hawahesabiani. Huyu hulala kidogo kati ya kuchungulia na kuchungulia, yule hukodoa macho muda wote akiimaliza prosesa. Nimpendaye zaidi ni yule ambaye keneli humweka kando kabla hajachungulia mara ya mwisho. Akirudishwa anakuta saa imepita, anapiga yowe kwamba kadi imekufa, kumbe ilishakuwa tayari. Mhandisi akimtibu mmoja ugonjwa huo, wenzake wanabaki nao salama salimini.

Sisi wakulima wa ufuta wa Lusewa tunaijua subira hiyo. Ufuta wa stakabadhi ghalani unasubiri chama cha msingi, unasubiri ghala, unasubiri mnada, kisha mwenye shamba anasubiri benki, na kila kituo kinaanza kuhesabu upya kana kwamba mtu ndiyo kwanza ametoka nyumbani.

Watu wa Linux, kwa uchoyo wao, wana makro iitwayo readl_poll_timeout katika faili la iopoll.h. Inasubiri kwa niaba ya wote, na muda ukiisha inachungulia tena kabla ya kulalamika. Ustaarabu wa kupitiliza! Mistari sita inageuka mmoja, na aliyefuta anapongezwa kuliko aliyeandika.

Basi nawaomba wenye kufyeka nakala hizi wabakize walau ile subira ya milisekunde 500 isiyo na maelezo hata neno moja. Aliyeiweka ameshahamia kazi nyingine, na wote waliobaki wanaogopa kuigusa, isije skrini ikawa nyeusi.