Milio Mitatu ya Tumbili

Mwaka ule mvua ilikuwa haba, na wanyama wa Amboseli wakabanana kwenye kinamasi cha Longinye. Maji yanayopita chini kwa chini kutoka Kilimanjaro hayakukatika, ila majani yalikuwa yamekwisha kila mahali pengine. Walikaa bega kwa bega na hawakuelewana. Swala pala akikoroma, Pundamilia alidhani ni madume wanaogombania majike. Pundamilia akibweka, Nyumbu aliona ni kelele za kila siku. Chui akala watoto wa koo zote, na kila mara palikuwa na mmoja aliyemwona kabla hajaruka, akapiga kelele ambazo jirani hakujua maana yake.

Bibi Tembo, mkubwa wa kinamasi, akaitisha baraza chini ya mgunga. "Tumbili wana milio," alisema. "Kuanzia mwezi mwandamo, hatari zote zitatangazwa kwa milio ya tumbili. Tumekwisha kuamua."

Uamuzi wenyewe ulikuwa mzuri, na nausifu kwa moyo wote. Tumbili wa Amboseli wana mlio wa chui, mlio wa tai na mlio wa nyoka. Wakisikia wa kwanza hukimbilia mitini. Wakisikia wa pili hutazama angani au huingia vichakani. Wakisikia wa tatu husimama kwa miguu miwili na kuchungulia nyasini. Watafiti Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler waliirekodi milio hiyo hapo hapo Amboseli, wakaipiga kwa kipaza sauti pasipo na adui yeyote, na tumbili wakaitikia kila mlio kwa namna yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 1980. Chombo kilikuwa kimejaribiwa, na kilifanya kazi.

Ikafuata semina. Mwezeshaji alikuwa Kasuku, aliyeletwa kutoka msitu wa mbali. Aliitoa milio yote mitatu bila kukosea hata kidogo, ingawa maishani mwake hakuwahi kukimbizwa na chui. Posho ilikuwa magadi ya kulamba, kwa hiyo mahudhurio yalikuwa makubwa. Waliimba kwa pamoja asubuhi nzima. Adhuhuri Nyumbu akanyoosha shingo.

"Mwezeshaji, mlio wa chui ukilia, tumbili hupanda mti. Mimi nipande wapi?"

Kasuku alisema hilo ni swali zuri sana, na kwamba litashughulikiwa katika awamu ya pili. Jioni akaruka kwenda zake, na awamu ya pili haikuonekana.

Mwezi ukaandama. Kinamasi kikawa kimya. Bibi Tembo alipoona hakuna anayeitumia milio, akamteua Mbweha kuwa karani wa kuhesabu: kila ukoo ulie mara tatu kwa siku, usiolia uandikwe. Kimya kikaisha siku ile ile. Nyumbu wakawa wanaamka alfajiri, wanalia "tai" mara tatu bila kutazama juu, kisha wanainamia majani yao. Ngiri walilia wote kwa pamoja usiku ili wamalize deni la wiki. Taarifa ya Mbweha ikasema mradi umefanikiwa kupita matarajio, na katika kelele zile hata tumbili wenyewe wakaacha kutazama juu.

Mmoja tu alikuwa ameichukua milio ile kwa dhati, naye ni Digidigi. Kimo chake hakizidi majani marefu, hivyo anaviona vinavyopita chini ambavyo wakubwa hawavioni. Mchana mmoja alimwona chatu amejikunja kando ya njia ya majini, akalia. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ikaishia katikati ya mlio wa nyoka na mlio wa tai. Pundamilia wakaangua kicheko. Nyani wakamwiga hadi jua likazama. Mtoto wa pala aliyeshuka kunywa maji hakurudi, na Digidigi hakulia tena.

Hapo ndipo Mama Tumbili aliposhuka mtini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sema."

"Mmechukua sauti yetu, Bibi, lakini hamkuuliza tunavyoilea. Mtoto wa tumbili hazaliwi akiijua. Jani likidondoka, yeye hulia tai. Sisi hutazama juu, tukiona ni jani tunaendelea kula. Hatumcheki, wala hatumwandiki. Siku akilia tai, na tai kweli yuko, wakubwa huurudia mlio wake kwa sauti. Ndivyo anavyojua kwamba amesikika. Digidigi alilia kwa ajili yenu nyote. Nani alimrudishia?"

Bibi Tembo hakujibu.

"La pili ni zito, naomba radhi kabla sijalisema. Ninyi tembo mnaongea chini. Jana mmekubaliana kuhamia kinamasi cha Enkongo Narok. Sisi tumejua kwa sababu ardhi ilitetemeka chini ya miguu yetu, si kwa sababu mmetuambia. Mambo ya maji, njia na majani mnayamaliza huko chini, halafu huku juu mnatuachia kazi ya kulia 'tai'. Jambo la maana likisemwa chini, Bibi, nani atasikiliza juu?"

Tembo huongea hivyo kweli. Ngurumo zao nyingi ni nzito kiasi kwamba sikio la binadamu haliwezi kuzipata, chini ya mitetemo 20 kwa sekunde, na hufika kilomita kadhaa. Joyce Poole, Katy Payne na Cynthia Moss ni miongoni mwa waliozichunguza Amboseli. Familia iliyotawanyika nyikani inaweza kugeuka pamoja kuelekea upande mmoja, na mtu aliye kando asijue wameitana saa ngapi.

Naisimamisha hekaya kidogo, maana hapa ndipo roho yangu ilipo. Kampuni inalipia Slack au Microsoft Teams, wafanyakazi wanafundishwa, mabango yanabandikwa ukutani. Kisha bajeti inaamuliwa kwenye kundi la WhatsApp la wakubwa wanne, na kazi ya kesho inatumwa saa nne usiku kwa ujumbe wa simu. Mfanyakazi si mkaidi. Anafungua pale panapotoka habari inayomgusa, na akiona maswali yake kwenye programu mpya yanalala bila jibu, anarudi kumvizia bosi mlangoni. Sioni haki ya kumlaumu kabla mkubwa hajahamisha mambo yake mwenyewe.

Bibi Tembo alikaa siku mbili bila kunena. Siku ya tatu akasimama chini ya mgunga na kujaribu mlio wa chui mbele ya wote. Ulitoka kama baragumu lililopasuka. Ngiri wakajitosa mashimoni kinyumenyume, na nyani hawakujua waangalie wapi. Akajaribu tena. Kisha akatangaza, kwa sauti ya juu, njia ya kwenda Enkongo Narok, saa ya kuondoka na sehemu yenye tope. Kuanzia siku hiyo habari za maji hazikupatikana kwingine. Dada zake walipomnong'oneza kwa ngurumo, aliwaambia, "Njooni mlisemee mgungani." Mbweha akapewa kazi ya kuonyesha wageni njia.

Nyumbu akalirudia swali lake, safari hii kwa Mama Tumbili. "Mlio hausemi 'panda'," alijibiwa. "Unasema 'chui'. Miguu ni yako. Wewe kimbilia uwandani." Jibu hilo lilihitaji pumzi moja, na semina nzima ilikuwa imelikosa.

Aliyechelewa zaidi ni Twiga. Yeye humwona chui kabla ya kila mtu, hukodoa macho, basi. "Mlio wa nini kwangu?" alisema. "Sijawahi kuuhitaji." Ni kweli, na nimewaona wengi wa namna yake: mwenye habari nyingi ndiye asiyekihitaji chombo, na asipokitumia yeye, wengine hawana cha kusikia. Bibi Tembo hakumwamuru. Kila jioni alimwendea mbele ya watu, akamuuliza ameona nini leo, akamshukuru kwa alichosema. Twiga akachoka kuulizwa, akaanza kusema mwenyewe.

Jioni moja Digidigi akalia. Ilikuwa sauti ile ile nyembamba, ikiyumba. Bibi Tembo akageuka pale pale na kuurudia: chui! Twiga akauelekeza uso wake kwenye kichaka. Pala na Nyumbu wakakimbilia uwandani, tumbili wakapanda, ngiri wakaingia mashimoni. Chui, alipoona macho yote yamemgeukia, akanyanyuka, akaondoka.

Kesho yake Nyumbu alikuja mgungani na ombi. Adui yake mkubwa ni simba, na milio ile mitatu haikumtosha. Alitaka wa nne.

"Huo utungeni wenyewe," alisema Mama Tumbili. "Mimi nitajifunza kwenu."

Mabishano yakaanza mchana ule ule, Nyumbu akitaka mkoromo, Pundamilia akitaka mbweko, Digidigi akitaka sauti ambayo koo lake linaiweza. Bibi Tembo hakuitwa kuamua.